Titi jipya linaniuma na kila mtu anasubiri nifurahi, nifanyeje?

BARUA

Shikamoo mama. Naomba jina langu lisitokee. Nina miaka 43, nimeolewa na tuna watoto wawili.

Niliugua kansa ya titi la kushoto. Nikaanza na kemo, afu nikafanyiwa operesheni ya kutoa titi lote na baadhi ya tezi za kwapani, na hapohapo mezani wakaniwekea chini ya msuli wa kifua ule mfuko wa kutanua ngozi, ule unaojazwa maji ya chumvi kidogokidogo. Nilikubali mwenyewe, naomba hilo lieleweke, hakuna aliyenilazimisha, nilitaka nikiamka nikute kuna kitu pale. Baadaye nikapigwa mionzi, na ilipopita miezi ndo wakatoa ule mfuko wakaweka kipandikizi chenyewe cha silikoni.

Ile miezi ya mwanzo naikumbuka vipande vipande. Mipira miwili inatoka ubavuni inaingia kwenye vichupa, dada yangu anapima asubuhi na jioni anaandika kwenye daftari zimetoka mililita ngapi maana tuliambiwa haitolewi mpaka maji yapungue, nalala nimekaa nimezungukwa na mito, mkono haupandi hata kuchana nywele, kuoga naogeshwa. Siku za kujaza maji sindano yenyewe nilikuwa siisikii kwa sababu ya ganzi lakini usiku wake nabanwa kifua mpaka napumua juujuu. Nilijipa moyo kwamba hii ni njia tu, mbele kuna mwisho, wakiweka kile cha kudumu ntakuwa mimi tena.

Kweli operesheni ya pili ilikuwa nyepesi. Watu wakaja kunipongeza, umemaliza, umerudishiwa titi lako, Mungu mkubwa. Na mimi nikasema amina, na nilimaanisha.

Sasa mama umepita zaidi ya mwaka. Titi limekaza. Lilianza taratibu nikadhani ni uvimbe wa operesheni haujaisha, lakini linazidi kuwa gumu na limepanda juu kuelekea mfupa wa bega, lile la kulia limebaki chini kwenye nafasi yake. Nikisukuma mlango mzito au nikiinua mtoto linaruka pembeni lenyewe, nalihisi linavyovutwa. Usiku likikaa vibaya naamka. Afu ni la baridi, yani mwili mzima nina joto (na hizi dawa za tamoxifen, za kuzuia kansa isirudi, ndo zinanipa joto la ajabu) lakini nikiweka kiganja pale ni baridi. Mwanangu mdogo akija kunikumbatia anaegemea palepale, naona kichwa chake kiko kifuani kwangu lakini sisikii kitu. Hilo ndo linaniliza kuliko yote na sijamwambia mtu yeyote.

Navaa nguo nimefunga mlango. Mume wangu hajawahi kunitolea neno baya, naapa, kipindi chote cha ugonjwa alikuwa na mimi. Lakini siku hizi akinishika anaruka upande ule, mkono wake unazunguka. Nikamuuliza akasema mimi sioni tofauti yoyote, nikakasirika sana kwa sababu tofauti ipo, mtu mwenye macho anaiona.

Daktari alinipima akasema kovu la ndani limebana kipandikizi. Akaniambia njia zipo, naweza kukaa hivihivi tukaangalia, au anafungua tena anatoa lile kovu anabadilisha kipandikizi, au tunaachana na kipandikizi tunatumia nyama ya tumboni kwangu mwenyewe, au anakitoa kabisa anafunga kifua kinabaki bapa. Afu akaniuliza, wewe unataka nini? Mama nililia pale ofisini mpaka nesi akaniletea maji. Sikuweza kujibu.

Ukweli ni kwamba kuna siku nataka kukitoa tu, nibaki bapa, nipumue. Nilipomgusia mume wangu akanyamaza muda mrefu afu akasema "tumetoka mbali mke wangu, kwa nini ujirudishe kwenye kisu?" Dada yangu, huyohuyo aliyekuwa ananiogesha, aliposikia alisema kuna wenzio walitamani hata huo uhai tu hawakuupata, wewe unalalamikia titi. Sikumjibu. Ni kweli, wodini nililala karibu na dada mmoja ambaye hayupo tena.

Kingine, kila nikipapasa lile gumu najiuliza kama kansa imerudi, afu naogopa kwenda kuuliza. Nikienda kliniki wakiniuliza hali nasema niko poa.

Nauliza mama, je, mimi ni mtu asiye na shukrani? Nikikitoa mume wangu atanionaje? Na nisipokitoa nitaishi hivi mpaka lini?

Mdogo wako,
Niliyechoka kusema niko poa

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nikirudia nasimama palepale kwenye kichwa cha mtoto wako kifuani. Umesema hilo hujamwambia mtu. Basi umeniambia mimi, na nimelisikia.

Naomba nianze na jambo moja ambalo haliwezi kusubiri maelezo mengine. Hiyo hofu ya kwamba kansa imerudi usikae nayo mpaka tarehe yako ya kliniki. Daktari alishakuambia kinachokaza ni kovu na inawezekana kabisa ndo hilo tu, lakini wewe unapapasa na kuogopa kila siku, na mtu mwenye historia yako ana haki ya kupiga simu akasema nimesikia kitu hiki mahali hiki naomba kiangaliwe. Baada ya titi kutolewa kansa ikirudi upande ule mara nyingi hujionyesha kwenye ngozi, kwenye mstari wa kovu au kwapani, kama kinundu kidogo au wekundu usioisha, kwa hiyo mkono wa daktari na ultrasaundi vinaweza kukupa jibu ambalo vidole vyako vyenye hofu haviwezi kukupa. Pia ukiona wekundu na homa, au titi limevimba ghafla, hiyo unakwenda siku hiyohiyo. Mimi siyo daktari, ila haya ni mambo ambayo kila mwenye kipandikizi anatakiwa aambiwe.

Sasa tuje kwako. Nikikusoma naona mwanamke aliyeingia kwenye safari ndefu akiwa na ahadi moja moyoni, kwamba mwisho wake atakuwa yeye tena. Amefika mwisho, watu wamepiga vigelegele, na yeye anajitafuta hajioni. Juu ya hapo kuna maumivu ya mwili ya kweli kabisa, kuna mume aliyenyamaza, kuna dada aliyesema neno likachoma, na kuna daktari amemuuliza swali kubwa kwa dakika chache. Nashangaa vipi ungeacha kulia.

Umeuliza kama huna shukrani. Mwanangu, nani alikuambia shukrani na maumivu haviwezi kukaa ndani ya mtu mmoja? Unashukuru uko hai, hilo liko kwenye kila mstari wa barua yako. Kubanwa kifua usiku ni jambo jingine, lina sababu yake na lina jina lake hospitali. Ukiwa na shukrani nyingi kuliko watu wote duniani kovu lile halitalegea kwa sababu hiyo. Na yule dada wa wodini, Mungu amrehemu, sidhani kama uhai wake unadaiwa na ukimya wako.

Nikueleze kidogo kinachotokea maana nahisi ulielezwa ukiwa na mawazo mengi. Mwili ukiwekewa kitu kigeni chochote hukizungushia utando wa kovu, kwa kila mtu, hilo ni la kawaida. Kwa baadhi utando huo unakuwa mzito na kujikunja, unakiminya kipandikizi, kinakuwa kigumu na kupanda. Mionzi inaongeza sana uwezekano huo kwa sababu ngozi na misuli iliyopigwa mionzi inabaki ngumu na damu inapita humo kwa shida. Madaktari wana madaraja manne wanayoyaita ya Baker, la kwanza titi ni laini, la pili limeanza ugumu, la tatu ni gumu na umbo limebadilika kwa macho, la nne ni gumu, limebadilika na linauma. Kwa unavyoeleza inaonekana uko mbali kwenye ngazi hiyo, muulize daktari wako amekuweka wapi. Kule kuruka ukisukuma mlango ni kwa sababu kipandikizi kiko chini ya msuli, msuli ukifanya kazi unakivuta. Ubaridi nao, silikoni haina damu inayopita ndani yake, na ngozi iliyo juu yake ni nyembamba. Hakuna hata kimoja hapo ambacho umekisababisha wewe kwa kulala vibaya au kuinua mtoto.

Ganzi ndo ngumu kusema. Titi likitolewa ile mishipa ya fahamu inayoleta hisia kwenye ngozi inakatwa. Wengine wanarudishiwa hisia kidogo pembeni, ndani ya miezi au hata mwaka wa pili, lakini kurudi kama zamani ni nadra. Nakuambia hivi bila kuzungusha kwa sababu sitaki uingie operesheni nyingine ukidhani itakurudishia kichwa cha mwanao kifuani. Kwenye kutumia nyama ya mwili wapo madaktari wanaojaribu kuunganisha mishipa hiyo ya fahamu, matokeo yanatofautiana sana. (Na tafadhali usiweke chupa ya maji moto pale kwa ajili ya ule ubaridi, wanawake wanaungua bila kujua kwa sababu hawasikii.)

Ninachokiona mimi ni kwamba shida zako zimefungwa kwenye furushi moja, ukiligusa lote linauma, ndo maana ulishindwa kumjibu daktari. Ndani yake kuna kubanwa na kuamka usiku. Kuna unachokiona kwenye kioo. Na kuna msiba, mwanangu, wa titi lililoondoka, ambao nadhani hukupata nafasi ya kuulilia kwa sababu kabla hujaamka mezani palikuwa pameshajazwa. Kisu kinaweza kusaidia la kwanza, pengine na la pili. La tatu halina operesheni. Kabla hujachagua njia yoyote ningependa ujue kwa siku nyingi unalilia lipi. Ukiweza andika kwa wiki chache, siyo lazima kila siku, limeuma saa ngapi, nilikuwa nafanya nini, au ni maumivu tu au nilikuwa nimejiona kwenye kioo. Dada yako aliandika mililita kwenye daftari na daktari akaamua kwa hizo namba, na hili nalo lina faida ileile kwake na kwako.

Na kuna kitu cha kuuliza mapema, je, umeonana na mtu wa fiziotherapia? Baada ya kutolewa tezi za kwapani na kupigwa mionzi bega na misuli ya kifua hukaza sana, wengine wanapata hata kamba zinazovuta kutoka kwapani kushuka mkononi. Inawezekana sehemu ya hicho unachokiita titi linauma ni msuli na bega. Mazoezi hayatalainisha kovu lililobana kipandikizi, nisikudanganye, ila kama theluthi au nusu ya maumivu inatoka begani ni vizuri kuijua kabla ya kufunguliwa tena. Na mkono wa kushoto ukianza kuvimba au kuwa mzito, sema haraka.

Njia zenyewe nazo nitazipitia kwa jinsi ninavyozielewa, halafu wewe utabishana na daktari wako.

Kukaa hivyohivyo na kuangalia siyo woga. Kovu la namna hii siyo kansa na halihitaji haraka, una muda. Hatari yake ni kwamba mara nyingi halirudi nyuma lenyewe, na wewe hulali. Hata ukibaki nacho, ujue kipandikizi hakikutengenezwa kukaa maisha yote. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, inashauri wenye silikoni wapigwe ultrasaundi au MRI, kipimo kingine cha picha za ndani ya mwili, mwaka wa 5 au wa 6 baada ya kuwekewa, na baada ya hapo kila miaka 2 hadi 3, kwa sababu kikipasuka ndani unaweza usisikie chochote. Omba kadi ya kipandikizi chako kama huna, ile inayoandikwa kampuni, aina na namba. Ni muhimu kwa sababu mwaka 2019 vipandikizi vya BIOCELL vya kampuni ya Allergan, ambavyo ngozi yake ni ya kukwaruza, viliondolewa sokoni duniani baada ya kuhusishwa na kansa adimu ya kinga ya mwili inayoota kwenye kovu linalozunguka kipandikizi. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba maji miaka kadhaa baadaye. Ni adimu kweli, sikuambii uogope, nakuambia ujue chako ni kipi.

Kubadilisha kipandikizi na kutoa lile kovu, wengine wanapata nafuu nzuri, na daktari anaweza kukihamishia juu ya msuli ili kiache kuruka. Lakini ngozi yako ni ileile iliyopigwa mionzi, kwa hiyo kovu linaweza kubana tena, na kidonda kinaweza kuchelewa kupona. Wengine kabla ya hapo wanachukuliwa mafuta tumboni au mapajani wanachomwa chini ya ngozi ya kifua ili ilainike, mengine yanayeyuka ndo maana hurudiwa. Muulize daktari, kwa wagonjwa wake waliopigwa mionzi ni wangapi wamerudi na shida ileile. Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Nyama ya tumboni ndo inayovumilia mionzi vizuri zaidi, kwa sababu inakuja na mishipa yake ya damu, ni ya joto, ni laini, inanenepa na kupungua pamoja na wewe. Gharama yake ni mwili mzima. Ni operesheni ya saa nyingi, unalala hospitali siku kadhaa, unapata kovu refu tumboni, wiki nyingi hunyanyui kitu, na mara chache ile nyama inakosa damu inakufa, lote linaanza upya. Tamoxifen nayo inaongeza hatari ya damu kuganda, baadhi ya madaktari wanaisimamisha kwa muda kabla ya operesheni kubwa namna hii, ila usije ukaiacha mwenyewe hata siku moja bila kuambiwa.

Kubaki bapa nako ni kufungwa vizuri kwa kifua, ni kazi ya mikono ya fundi sawa na nyingine. Mumeo ameita kujirudisha kwenye kisu, na nahisi na wewe ndani kwa ndani unaona ni kushindwa. Sijui kwa nini tumekubaliana kwamba kuwa na kitu pale ndo mbele na kutokuwa nacho ndo nyuma. Wapo wanawake wengi wanaochagua bapa tangu mwanzo, na wapo waliofika huko baada ya kipandikizi, wengine wanavaa titi la bandia ndani ya sidiria siku wakitaka na siku nyingine hawavai. Operesheni ni fupi zaidi. Hata hivyo haikosi yake, maji yanaweza kujikusanya, ngozi inaweza kubaki na mikunjo, na kwa sababu kulikuwa na mfuko unakandamiza kifua panaweza kubonyea kidogo. Kama ukifika huko sema wazi unataka bapa kabisa bila ngozi ya ziada, maana wapo madaktari wanaoacha ngozi wakidhani utabadilisha mawazo. Na ukibadilisha kweli mara nyingi bado nyama ya mwili inaweza kutumika baadaye. Kuna siku ungeamka umefarijika, na kuna siku ungejiona kwenye kioo ukalia msiba wa pili. Zote mbili zinaweza kutokea kwa mtu mmoja wiki moja.

Tuzungumze kuhusu baba watoto. Umesoma ukimya wake kama jibu, kwamba anataka titi libaki. Mimi nikisoma maneno yake nasikia kisu. Mwanaume huyu amekaa nje ya chumba cha operesheni zaidi ya mara moja akisubiri mlango ufunguke, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anawaza nini pale. Naweza kuwa nakosea, simjui, unamjua wewe. Lakini hata mkono wake unaozunguka naweza kuusoma kwa namna mbili, anachukia pale, au anaogopa kukuumiza na hajui pa kushika. Na "sioni tofauti" naona ilikuwa zawadi ambayo ilikufikia kama tusi, kwa sababu wewe ulikuwa unahitaji shahidi, mtu wa kusema naona, na pole.

Ungemwambia nini kama leo hamzungumzii operesheni kabisa? Pengine umwonyeshe tu, mwanga ukiwa umewaka ukiwa tayari au kwa kiganja chake gizani kama mwanga ni mwingi mno kwa sasa. Hapa nasikia, hapa sisikii, hapa panauma, hapa ukigusa ni sawa. Hilo la kukosa hamu au mwili kuwa mkavu, kama lipo (hukulisema ila wengi wanaotumia tamoxifen wanalo), lina msaada usio na homoni, mwulize nesi, anaulizwa kila siku. Hatari ya kuongea ni kwamba anaweza kusema kitu usichotaka kusikia, mfano kwamba na yeye ana huzuni ya titi lako. Huzuni hiyo inaweza kuwepo na bado asikupende pungufu hata kidogo. Ukiweza nenda naye kwa daktari, amsikie mwenyewe akielezea kila njia, asibaki na picha ya kisu peke yake.

Dada yako. Neno lake lilikuwa zito na sitalitetea. Ila mtu aliyekupimia mililita asubuhi na jioni alikuwa anahesabu kitu kingine kichwani, alikuwa anahesabu kama utaishi. Inawezekana kwake habari ya operesheni nyingine inafungua mlango ambao ameshaufunga kwa nguvu zake zote. Siyo kazi yako kumbembeleza sasa hivi. Lakini unaweza kumwambia uliponiambia vile nilinyamaza, na niliumia, na bado nakuhitaji. Akijibu vibaya utakuwa umejua, na utatafuta wengine wa kukaa nao kwa hili, hasa wanawake waliopitia hukuhuku, wa kipandikizi na wa bapa na wa nyama ya tumbo. Omba kliniki wakuunganishe nao, na ukikaa nao waombe wakuonyeshe. Wengi wanakubali, na kuona kifua cha mtu halisi kutakusaidia kuliko picha za kabla na baada.

Siku ukirudi kliniki jaribu kuingia na karatasi. Andika juu kabisa kile kinachokuamsha usiku na kile unachokiogopa, maana wakikuuliza hali yako neno "poa" litatoka lenyewe, limezoea. Na daktari akikuuliza tena unataka nini, unaruhusiwa kusema sijui bado, naomba unipe miezi, na katikati hapo nipatie fiziotherapia na mtu wa ushauri nasaha. Unaruhusiwa pia kusema nataka kutoa, na kisha usisaini siku hiyo.

Kuhusu mtoto, mwambie aje upande wa kulia. Mwambie tu ukweli kwa saizi yake, kwamba upande huu wa mama umelala ganzi na upande huu unasikia kila kitu. Watoto wanapokea haya haraka kuliko sisi. Niandikie tena mwanangu, hata kama bado hujaamua chochote.